Kamioneti Isiyokunywa Maji

Siku ile tulipofungua mufuniko wa mbele wa kamioneti ya bwana yetu, kwenye parsele yetu, uwanja wa nyumba yetu hapa Kasongo, waliokuwepo ni hawa. Mimi, muke wake wa kwanza. Mukewenza wangu, aliyeletwa mu nyumba mimi nikiwa nimekwisha kuzaa watoto wangu wote. Wifi yetu, dada wa bwana yetu, ambaye familia ilimuweka pale kutuangalia mu eda. Mutoto wangu wa kwanza, mwenye duka la sabuni na vitambaa karibu ya soko. Na fundi, kijana mukristo kutoka upande wa Fizi, aliyechoka na machimbo ya Salamabila akaja kwetu kutengeneza masini za kukoboa mupunga. Bwana yetu mwenyewe hakuwepo. Tulikuwa tumemuzika, na arubaini yake imekwisha kusomwa, na ndiyo sababu mimi na mukewenza wangu tulikuwa barazani nyuma ya pazia, tumevaa nguo nyeupe, tunasikia vyuma vinagongwa bila kuviona.

Majina yao wote ninayo, na ya babu zao pia. Siyaandiki, juu wako hai na Kasongo watu wanajuana.

Eda ya mwanamuke aliyefiwa ni miezi mine na siku kumi. Hatoki, hajipambi, hakai na wanaume wa nje uso kwa uso. Mukewenza wangu aliiweza. Alikuwa na ungo wake wa karanga, anabambua, anavuta uradi polepole, siku inapita. Mimi haikuniweza wala sikuiweza. Maisha yangu yote sikujua kukaa. Tangu nimeolewa nilikuwa napanda mbele ya ile kamioneti pamoja na bwana yangu, Kasongo hadi Kabambare, tunapeleka chumvi na sabuni, tunarudi na mupunga na mafuta ya mawese. Sasa miguu ilikuwa inaniwasha. Natoka kitandani naenda mulangoni, mulangoni naenda jikoni, jikoni narudi kitandani. Bi mudogo, ndivyo ninavyomwita mukewenza wangu, akaniambia siku moja bila kuinua macho kwenye karanga zake: “Bi mukubwa, sakafu hiyo ni ya udongo. Utaitoboa.”

Na si kukaa peke yake kulikokuwa kunanichoma. Mimi nina mudogo wangu, anakaa Wamaza. Katika tumbo la mama yetu tumebaki sisi wawili. Macho yake yalifunga zamani kidogo, hatembei tena mbali, na siku hizi kutoka Kasongo kwenda Wamaza ni pikipiki ao miguu. Pikipiki nilijaribu. Ilinimwaga njiani, kwenye matope, na tangu siku ile mufupa wa nyonga yangu haukurudi mahali pake. Nikikaa vibaya, naona nyota muchana. Kwa hiyo tulikuwa tunasikilizana kwa telefoni tu. Watu wake wanamupandisha kilima kutafuta rezo ya telefoni, anapiga, na neno lake la kwanza kwangu, dada yake mukubwa, ni lile lile.

“Yaya, uko unakuja, ao nife?”

“Usife kwanza,” namwambia. “Nikitoka eda.”

Bwana yetu alikuwa ameniahidi kuitengeneza kamioneti ile kiangazi kile anipeleke. Ahadi yake ilibaki mikononi mwangu kama sahani ambayo mutu amekupa umushikie akaondoka.

Basi arubaini ilipopita mutoto wangu akaja kukaa mbele yetu, kofia mukononi, kusema mambo ya urizi. Sisi wake wawili fungu letu katika mali ya marehemu ni moja ya nane, tunaligawana. Mimi sikumuacha amalize. Nikasema moja ya nane yetu iwe ile kamioneti, mengine wachukue wao. Akanitazama kama vile nimeomba kaburi. Akasema, Mama, kile ni kitanda cha kuku. Akaeleza kwamba iko mufanyabiashara mumoja wa Salamabila, anasaga mawe ya zahabu juu ya kilima kisicho na maji, amesikia habari ya moteri yetu, na anaitaka hiyo moteri peke yake ikazungushe kinu chake. Hata ikiwa imekufa anaitaka, atajua mwenyewe namna ya kuifufua. Bodi ibaki kwa kuku.

Mutoto wangu si mubaya. Alikuwa anafikiri chakula chetu. Nikamuuliza, na ikilia? Ikilia kabla hatujatoka eda, utaniachia? Akazungusha kofia, akasema: “Mama, ikilia kabla ya eda kwisha, iko yenu. Isipolia, siku mutakayotoka eda, watu wa Salamabila wanakuja na funguo zao kuifungua. Na mimi sitaki machozi.”

Nikamugeukia Bi mudogo, maana nusu ya fungu lile ilikuwa yake. Akasema: “Lolote.” Neno lile halikunikaa vizuri tangu siku ile.

Wifi yetu ndiye aliyemupata fundi, aliyekuwa anatengeneza masini ya mupunga kwa jirani. Na siku ile ya kwanza alipofungua mufuniko wa mbele, tukasikia sauti yake upande wa pili wa pazia, ya upole, kama mutu anayeleta habari ya musiba.

“Bibi, radiateri ya maji walikuibia.”

“Hawakuiba,” nikamwambia. “Haikuzaliwa nayo.”

“Bibi, hata mutu iko anakunywa maji.”

Nyuma yangu Bi mudogo alicheka ndani ya mutandio wake. Mimi nikamwambia fundi atafute mahali pa kuiweka hiyo radiateri, akipapata aniite. Akazunguka gari, akalala chini yake, akatoka. Tukamusikia anamwambia mutoto wangu kwa sauti ndogo kwamba kweli, nafasi hakuna, na yeye moteri ya namna hii hakuiona hata Salamabila. Tangu siku ile alikuwa anakuja hata kama hatukumuita.

Nieleze kidogo. Wazungu wa pamba walipofunga kazi zao huku kwetu, bwana yetu alinunua kwao ile kamioneti, rangi ya majani mabichi, milango yake inafunga kwa kelele. Moteri yake ni ya mazutu, ndiyo dizeli. Magari mengine yanapozwa na maji. Hii inapozwa na upepo. Mbele yake kuna vantilateri ya chuma, kubwa kama ungo wa kupepetea, inavuta upepo na kuupitisha juu ya vyuma vyenye mapezi kama ya samaki. Ikilia utadhani wanawake wa kijiji kizima wanatwanga pamoja. Kwenye kila muto tulikuta magari ya wengine yamesimama, mifuniko iko juu, moshi unatoka, vijana wanachota maji na bidoni. Sisi tunapita. Bwana yangu anawapungia mukono kama mutu anayekwenda kuoa. Na mara moja, alipokuwa anapita sana njia ya Nyangwe, kweli alikuwa anakwenda kuoa, mimi ndiye sikujua.

Vita vilipokuja, kila mwenye gari hapa alijua jambo moja: gari inayotembea ni ya watu wenye bunduki. Wakikuta gari imelala haina kitu ndani, wanaitukana na kupita. Basi watu wengi wa Kasongo walifungua magari yao wenyewe, chuma kimoja kimoja, wakavigawa kwa ndugu na jamaa wavifiche. Bwana yetu alifanya hivyo. Na kila alipotoka kuacha kitu, alirudi kunifundisha kama mwalimu wa chuo cha Kurani anavyofundisha sura: hiki kiko kwa fulani, kile kiko kwa fulani. Nilisoma kidogo tu, lakini nikisikia jina la mutu halitoki. Amani ilirudi nusu nusu, barabara ikafa, na yeye kila mwaka anasema kiangazi kinachokuja. Vyuma vikabaki huko kwa watu, na kuku wakahamia ndani ya gari.

Sasa kazi ilikuwa yangu, na mimi siwezi kuvuka mulango. Nikawa namutuma wifi. Namwambia, nenda kwa shemegi yetu nyuma ya musikiti, demarere iko kwake, ile inayoamusha moteri. Anarudi anacheka: shemegi alikuwa anaitumia kuzuia mulango wa choo usipigwe na upepo, na alitaka kwanza apewe jiwe badala yake. Vantilateri ilikuwa kwa mwadhini wa zamani. Yeye alikufa, lakini mujane wake alipanda darini akaikuta, njiwa wametaga ndani, akaomba tungoje vifaranga viruke. Tukangoja. Sijui kama kuna aliyewahi kuwachukia njiwa kama mimi siku zile. Mukanda wa kuzungusha vantilateri ulitoka ndani ya godoro la binamu. Zile pampu ndogo za kurushia mazutu zilikuwa Nyangwe kwa mujomba, aliyezizamisha mu chungu cha mafuta ya mawese na kukifukia. Zilikuja na mutumbwi, zimefungwa mu majani, zinang'aa na kunuka mboga. Fundi alizishika akasema huyo muzee angekuwa fundi wa Salamabila, masini zisingesimama hata siku moja.

Kila kitu kilipoingia parseleni nilikuwa nakipapasa kupitia pazia kabla hakijafungwa. Usiku ule ule nalala vibaya. Mwezi unaisha, mwezi unaingia. Mudogo wangu anapiga telefoni, ao nife, namwambia usife, imebaki kidogo.

Siku walipoiamusha ilikuwa muchana, baada ya sala ya azuhuri. Fundi alileta batri ya sola kutoka duka la mutoto wangu. Ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, kuku wakaruka ukuta. Halafu ikashika. Sauti ile iliingia barazani ikanipiga kifuani. Wifi alipiga vigelegele, na huu ulikuwa musiba, akajiziba mudomo mwenyewe. Mutoto wangu akasema Alhamdulillahi. Bi mudogo peke yake alikuwa ameacha karanga, mikono iko juu ya mapaja.

Muda wa rakaa chache tu, ikaanza kunuka. Harufu ya chuma kilichokasirika. Fundi akagusa nyuma ya moteri akarudisha mukono kwa haraka, ngozi imeungua. Sauti ikazama, ikakwama, ikafa. Kwenye tundu la pazia nikamuona wifi anakimbia na ndoo ya maji, ile tuliyomuwekea fundi ya kunawia mikono. Amezoea magari ya wengine. Gari ikiwaka moto unaimwagia.

Sijui nilitokaje. Pazia lilibaki nyuma yangu. Na nyonga yangu mbovu na nguo zangu nyeupe nikajikuta katikati ya parsele, nimemushika wifi mukono, maji yamemwagika miguuni petu. Maana jambo ambalo bwana yetu alilirudia safari zote ni hilo: chuma kile kikiwa cha moto ukikimwagia maji baridi kinapasuka kama chungu, na hapo hakuna fundi. Wote walisimama. Fundi akageuza uso ukutani kwa heshima. Mutoto wangu akasema polepole: “Mama, rudi ndani.”

Wifi alinisema siku nzima. Akasema mimi nitamuaibisha kaka yake kaburini, mujane anaruka kama mbuzi mbele ya wanaume. Nikamuacha aseme. Alikuwa na haki yake, na mimi nilikuwa na moteri yangu haijapasuka.

Kesho yake fundi akaja na mukono umefungwa kitambaa, akaeleza kupitia pazia. Moteri ni nzima. Lakini upepo wa vantilateri unatawanyika, hauendi nyuma. Pale juu ya vyuma vyenye mapezi kuna matundu ya skurubu manne ambayo hayana kazi, kwa hiyo kuna kitu kilifungwa pale zamani, na alama zake bado zinaonekana: bati, limekunjwa kama nusu ya mufuniko, pembe moja imepinda kwenda chini, la kuushika upepo usitoroke. Bila lile bati moteri italia na kufa, italia na kufa. Na yeye hawezi kulikata jipya kwa kukisia, maana likikosea kidogo upepo unatoroka palepale.

Nani alipewa bati? Nikapita majina yote. Nikaanza upya, kwa mitaa, kutoka musikiti kwenda soko, halafu njia ya Nyangwe. Kila jina lilikuwa na chuma chake na kila chuma kilikuwa kimerudi. Bati halikuwa na mutu. Nikamutuma wifi hata hivyo, azunguke kwa wote. Wote walisema hapana. Nilikuwa nakwenda na kurudi barazani hadi nyonga ikakataa, nikakaa, nikasimama tena. Mutoto wangu akaja kusema kwamba eda yetu inaisha wiki inayokuja, na watu wa Salamabila wamekwisha kukodi gari ya kubebea moteri. Alisema akiwa ameinama, na nilimuonea huruma kidogo.

Sasa niseme habari ya wali. Kwetu wali mutu haupiki na moto wa chini peke yake. Maji yakikaribia kukauka unafunika chungu na bati, unaweka makaa juu yake, unaiva kutoka juu na kutoka chini. Ndiyo kupalia. Na Bi mudogo kwa kupalia hakuna anayemushinda; wali wake punje zinaachana kama watu wasiosemezana. Nimemutukana mambo mengi katika maisha yetu, lakini si wali.

Muchana ule, siku mbili ao tatu baada ya fundi kueleza, nikala tonge moja na wali ukanishika vidoleni. Juu ulikuwa majimaji.

Nikasema: “Bi mudogo, leo hukupalia.”

Akasema makaa ni machache.

Gunia la makaa lilikuwa palepale, limejaa, nimeliegemea. Kesho yake wali majimaji tena, safari hii ameufunika na jani la mugomba. Eda inakataza barabara, haikatazi jiko. Nikaingia jikoni. Ukutani, kwenye musumari ambapo bati lake la kupalia lilining'inia miaka yote, palikuwa na alama nyeusi tu ya masizi. Nusu mviringo, pembe moja imepinda kwenda chini.

Nilisimama mbele ya alama ile hadi nikasahau kwamba nyonga inaniuma. Miaka yote ile nilikuwa nakula chini ya bati la kamioneti.

Bi mudogo alikuwa mulangoni nyuma yangu. Hakuniongopea. Akaenda chumbani kwake, akarudi nalo limefungwa mu kikwembe chake kipya cha kuvaa, akaliweka chini kati yetu.

“Alinipa yeye,” akasema. “Wakati wa vita. Akaniambia, hii ni yako, usimupe mutu, hata Bi mukubwa usimwambie. Sikujua ni ya gari. Nilifikiri ni zawadi. Nikaipikia.”

“Na fundi alipolieleza?”

“Hapo nikajua.”

“Ukanyamaza.”

Akakaa chini, kwenye kigoda chake. Akaanza kuchagua mawe katika muchele ambao alikuwa amekwisha kuuchagua. “Wewe ukipata gari unakwenda Wamaza,” akasema. “Una mutu anakupigia telefoni, yaya uko unakuja. Mimi nani ananiita? Mama yangu alikufa. Nyumba yetu ya Nyangwe ndugu waliuza. Utaondoka, wifi atarudi kwake, nitabaki hapa na kuku. Moteri ikienda Salamabila, angalau tunabaki wawili.”

Nilitaka kumutukana na matusi yote nilikuwa nayo tayari. Lakini kitu kingine kilikuwa kinanikasirisha zaidi, na hakikuwa chake. Bwana yetu alinifundisha majina yote kama sura, na jina moja akaliruka, la karibu kuliko yote, la mutu niliyekuwa napishana naye mulangoni. Huenda alifikiri kwamba watu wenye bunduki wakinishika mimi, nitasema yote ninayojua, kwa hiyo akaacha kitu kimoja nisichokijua. Huenda alitaka tu Bi mudogo naye awe na kitu chake mu nyumba ambamo kila kitu kilikuwa changu kwanza. Nimefikiria maneno haya mawili hadi leo, na kila siku naegemea upande mwingine.

Nikamwambia: “Mu gari, pale mbele panakaa watu wawili na shofere.”

Akaacha muchele. “Dirishani ni nani?”

“Tutaona.”

“Hapana, Bi mukubwa. Tuone sasa hivi.”

Dirisha lile lilikuwa langu tangu nilipoolewa. Nilikuwa naweka kiwiko changu pale, Kasongo hadi Kabambare, na watu wa njiani walinijua kwa kiwiko. Nikamupa. Iliniuma kuliko kugawana ile moja ya nane, na kuliko mengine ambayo nimekwisha kugawana naye.

Bi mudogo alilisugua bati asubuhi nzima, na majivu, na muchanga, na ndimu. Masizi ya miaka yalitoka kama ngozi ya nyoka, na chini yake ikaonekana rangi ya majani mabichi. Wifi akalipeleka. Fundi alilishika, akalinusa, akasema kupitia pazia kwamba yeye amefunga vyuma vingi lakini bado hajafunga chenye harufu ya pilau. Skurubu zote nne ziliingia. Akaiamusha alasiri, ikalia hadi mwadhini akaita magaribi, fundi anaweka mukono wake muzima juu yake na kuuacha. Tukamusikia mutoto wangu anatembea pembeni, anasema na telefoni ya Salamabila, anaomba musamaha, anasema hapana, mama yake ameitaka. Walimusema vibaya kule, nilisikia. Alivumilia.

Tulitoka eda, tukaoga, tukasomewa dua. Kesho yake alfajiri tuliondoka, fundi kwenye usukani, mimi katikati, gia inanigonga goti, Bi mudogo dirishani. Hakuwa amezoea njia. Alitapika kabla hatujaacha nyumba za mwisho za Kasongo, akatapika tena kwenye daraja la kwanza, na nikaona kwamba dirisha kweli lilikuwa limemupata mutu wake. Pikipiki za wachimbaji zilitupita, zimebeba mabidoni na magodoro, vijana wanageuka kutazama. Kila muto tulipita bila kusimama. Barabara ilikuwa imekufa zaidi ya nilivyosikia, miti imeota katikati, lakini moteri ilikuwa inatwanga vizuri, na mimi nilikuwa napiga magoti yangu na viganja kana kwamba ningeweza kuisukuma. Fundi aliniomba nitulie, namutikisa mukono wa usukani.

Hatukufika Wamaza. Kwenye muto wa mwisho kabla ya kijiji daraja lilibaki magogo matatu. Fundi akashuka, akapita juu yake, akarudi, akasema gari haivuki. Nikamwambia avushe. Akasema: “Bibi, moteri hii haijakunywa maji tangu kuzaliwa. Tusiinyweshe leo.”

Ng'ambo kulikuwa na watu. Wakawa wengi. Halafu nikaona wanaume wawili wamebeba kiti, na juu ya kiti mudogo wangu, shingo imenyooka, anatazama mahali ambapo hatupo. Aliisikia kutoka mbali. Waliniambia baadaye kwamba alisimama uani akasema, ile ni gari ya shemegi, nibebeni, na walipomwambia shemegi amekufa akasema anajua, nibebeni tu.

Mimi sikungoja. Nikapanda magogo. Maji yalikuwa mengi chini, na nyonga ilikuwa inasema rudi, na mukono mumoja ulikuwa umenishika kwa nyuma, unanisukuma na kunizuia pamoja. Nikafika. Nikaweka uso wangu mikononi mwake, akaupapasa wote, paji, mashavu, kidevu.

“Umezeeka, yaya.”

“Na wewe je?”

“Mimi sijioni,” akasema, na tukacheka hadi wabeba kiti wakakiweka chini.

Nilikaa kwake hadi mahindi yake yalipokomaa. Bi mudogo naye alikaa, anawafundisha wanawake wa pale kupalia na kipande cha bati la nyumba. Kamioneti ilibaki upande wetu wa muto, fundi anabeba mupunga wa watu kwenda Kasongo na kurudi, na mimi kila asubuhi nilikuwa natoka kwenda mutoni kuangalia kama imekuja. Hata pale nilipokuwa nimefika sikuweza kukaa. Mudogo wangu akaniuliza siku moja, anasikiliza viatu vyangu vinatoka: “Yaya, ulikuja kunitazama mimi, ao barabara?” Nikarudi nikakaa karibu naye, hadi jua likawa kali.

Sasa neno moja. Nimeandika kwamba mukono ulinishika juu ya magogo. Mimi nasema ulikuwa wa Bi mudogo, naukumbuka, ulikuwa na harufu ya ndimu. Yeye anakataa. Anasema alikuwa bado ameinama nyuma ya gari anatapika, na aliyenishika ni fundi. Fundi tukimuuliza anacheka tu, na mudogo wangu hakuona. Wewe uliyekuwa mutoni siku ile, upande wowote, uliyebeba kiti ao uliyesimama tu kutazama, kama unakumbuka ni nani, ama kama nimekosea lingine lolote, kuja parseleni kwetu uniambie. Nitafuta na kuandika tena. Ukinikosa, nimetoka na gari. Keti kidogo, Bi mudogo atakupa wali.